Mume wangu anataka kuuza kiwanja cha Pongwe anunue gari lisilo na paa

Shikamoo Mjomba,

Mambo ya ndani si ya kuanika, najua. Lakini nimeshawaeleza wakwe, nimewaeleza shoga zangu, na kila mmoja anacheka kwanza ndipo anashauri. Wewe nakuomba unisikilize bila kucheka.

Mume wangu ana miaka hamsini na mbili. Tuna duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, watoto watatu, mkubwa yuko chuo, na kiwanja Pongwe tulichonunua mwaka 2016. Pesa ya kiwanja nusu ilitoka dukani, nusu ni ya mchezo wa upatu niliopokea mimi na wenzangu. Mpango ulikuwa mwakani tuanze msingi.

Sasa Raskazone kuna mzee mmoja, fundi mstaafu wa injini za meli, aliyeishi Uingereza miaka mingi. Aliporudi nyumbani alikuja na gari lake, Porsche 911 ya mwaka 2003, lile la paa la turubai la kukunja, gia za mkono. Ushuru alilipa, namba ya Tanzania linayo. Siku zote limekaa bandani nyuma ya nyumba, huliona barabarani Idi kwa Idi. Mzee magoti yanamsumbua, anasema klachi imekuwa nzito haikanyagiki tena, na watoto wake hawalitaki. Anauza. Anataka milioni 90.

Baba Nasra tangu aliendeshe siku ile mpaka Mwahako na kurudi, si yule niliyemzoea. Yeye udereva alifundishwa na marehemu baba yake kwenye lori la Bedford, wakibeba mkonge, na otomatiki haiiti gari. Kila usiku ananionyesha simu. Hoja zake ni tatu. Ya kwanza, magari ya kifahari ya wazi yenye gia za mkono ni machache mno duniani; kuna Ferrari moja ilitengenezwa ya namna hiyo na sasa inauzwa bei ya kutisha kuliko dada zake za otomatiki. Ya pili, viwanda vimeacha kuyatengeneza, kwa hiyo yaliyopo yatapanda bei tu. Ya tatu, akilitunza miaka mitano atalipeleka mnadani Marekani au atamuuzia tajiri wa Nairobi, na pesa hiyo itanunua kiwanja kingine na kukijenga juu.

Mimi najua kuuza bati na misumari, magari sijui. Nilimuuliza swali moja tu: na mvua ikinyesha? Akanyamaza, akatoka, tangu siku hiyo ananijibu kwa mkato.

Mteja wa kiwanja ameshapatikana na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mjomba, je ni kweli lile gari ni hazina? Na kama si kweli, nitamwambiaje mume wangu asione namdharau?

Mama Nasra, Chumbageni, Tanga

*

Marahaba, Mama Nasra.

Kwa kuwa mteja anasubiri, jibu fupi nalitanguliza: kiwanja kisiuzwe. Jibu refu lina sehemu ambayo huenda usiipende. Mumeo ana ukweli mwingi kuliko unavyodhani. Gari tu ndilo amekosea.

Tuanze na ukweli wake, maana ukimwendea bila kuujua atakushinda kwa hoja na kiwanja kitaondoka. Gia za mkono kwenye magari ya kifahari zinakwisha kweli. Zamani pedali tatu ndiyo ilikuwa kawaida ya gari la mbio, na otomatiki ilikuwa ya wazee na ya watu wa foleni. Zikaja giaboksi za klachi mbili, ambamo kompyuta inakuwa imeshaandaa gia inayofuata kabla dereva hajaihitaji, na hubadilisha kwa kasi ambayo mguu na mkono wa binadamu haviifikii. Porsche iliingiza giaboksi ya aina hiyo kwenye 911 mwaka 2008. Lamborghini iliachana na pedali ya klachi Gallardo ilipokoma mwaka 2013. Huracán iliyoifuata haikuwahi kuwa nayo. Wateja wenyewe ndio walioamua: tajiri akiulizwa achague, alichagua ile ya haraka isiyomchosha kwenye foleni.

Na hiyo Ferrari ya kwenye simu ipo. Ni California, iliyotoka mwaka 2008, yenye paa la bati linalojikunja lenyewe na kuingia kwenye buti. Kwa kawaida ilikuja na klachi mbili, ila aliyetaka aliweza kuagiza ya mkono yenye gia sita. Karibu hakuna aliyetaka. Zikatoka chache mno, kisha kiwanda kikaifuta kabisa kwenye orodha yake. Baadaye wakusanyaji wa magari wakatambua kwamba kile kilichokataliwa dukani ndicho cha mwisho cha aina yake, wakaanza kukigombea. California ya otomatiki imeshuka bei kama gari lolote lililotumika, na ile ya mkono imepanda mbali, ingawa injini ni ile ile na paa ni lile lile. Biashara hiyo imenoga kiasi kwamba sasa kuna karakana zinazochukua Ferrari za otomatiki na kuzigeuza za mkono, na mnunuzi makini hudai karatasi za kiwandani aone gari lilizaliwa na giaboksi gani. Lililogeuzwa halifikii bei ya lililozaliwa hivyo.

Lakini tazama uchache ule ulitoka wapi. Ulitoka kwa wateja kuikataa gia ya mkono wakati kiwanda bado kinaitoa. Kwa 911 ya mzee wa Raskazone mambo yalikwenda kinyume. Kizazi hicho, wenyewe wanakiita 996, kilitengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, na jumla yake inapita magari 170,000. Asiyetaka klachi wakati huo alipewa otomatiki ya gia tano iliyoitwa Tiptronic, nzito kidogo na isiyo na haraka, kwa hiyo wapenzi wengi wa kuendesha walichukua ya mkono bila kufikiri mara mbili. Ya mkono ya mwaka 2003 hupendwa kuliko Tiptronic, na mnunuzi wa Uingereza ataiongezea kitu. Adimu si adimu. Kwa miaka mingi kizazi hicho ndicho kilichokuwa mlango wa bei rahisi wa kuingilia kwenye 911, ndiyo maana mtu aliyestaafu ufundi wa meli aliweza kulimiliki moja.

Halafu kuna suala la paa, ambalo naona hata muuzaji hakuligusa. Mtu hudhani gari la wazi siku zote ni ghali zaidi. Kwa baadhi ya magari ni kweli kabisa. Ferrari Daytona ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilitoka kiwandani ikiwa wazi kwa magari 122 tu, huku zenye paa la bati zikipita elfu moja, na tofauti ya bei ikawa kubwa mpaka watu wakawa wanakata mapaa ya Daytona za kawaida ili wapate za wazi. Mercedes-Benz 300 SL ya wazi, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1957 hadi 1963, ni magari 1,858 na yote yana gia nne za mkono. Leo inauzwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Kwa 911 hali ni nyingine. Wenye ugonjwa wa 911 wengi wanataka paa la bati, kwa sababu bodi inakuwa ngumu na nyepesi zaidi kwenye kona, na turubai wanaliona pambo. Kwa hiyo katika kizazi hicho cha mzee paa la kukunja hupunguza bei badala ya kuiongeza.

Tena gia ya mkono yenyewe si hirizi. BMW Z8, gari la wazi zuri kuliko mengi niliyowahi kuyatazama (hili ni jicho langu, sikulazimishi), lilitengenezwa magari elfu tano na ushee kati ya mwaka 2000 na 2003, ya gia sita za mkono. Mwishoni ikatoka ya Alpina, karakana maarufu iliyokuwa ikiziboresha BMW, yenye otomatiki, magari 555 tu. Kwa hesabu za Baba Nasra, ya Alpina ingepaswa kuwa ya chini. Kumbe minadani hiyo ya otomatiki ndiyo hushinda, kwa kuwa ndiyo chache na ina jina la Alpina. Anayelipa bei kubwa analipia kitu ambacho wenzake wanakitaka na hawakipati. Mara nyingi siku hizi kitu hicho ni pedali ya tatu. Mara nyingine sicho.

Na uchache wa kiwandani, hata ukiwa wa kweli, kiwanda kinaweza kuuharibu. Mwaka 2013 Porsche ilitoa 911 GT3, ile 911 ya kimbio, isiyo na gia za mkono kabisa, mashabiki wakapiga kelele. Mwaka 2016 ikaja 911 R, ya mkono pekee, magari 991. Walioipata wakaanza kuiuza kwa mara kadhaa ya bei ya dukani hata kabla haijachafuka matairi. Mwaka uliofuata Porsche ikarudisha gia za mkono kwenye GT3 ya kawaida, na bei za ile R zikaporomoka. Waliokuwa wamenunua kileleni wakabaki wanatazamana. Mwaka 2019 ikatoka 911 Speedster, ya wazi, ya mkono, magari 1,948 tu. Hilo ndilo gari ambalo hadithi ya mumeo ingelifaa. Linashika bei kweli. Ila lilitengenezwa kwa kuhesabiwa, likauzwa kwa watu ambao Porsche inawajua kwa majina.

Sasa tuje kwenye hoja yake ya tatu, ambayo kwangu ndiyo inayozama kuliko zote: nani atalinunua baada ya miaka mitano?

Tajiri wa Nairobi mtoeni kwenye hesabu. Kutoka Tanga hadi mpakani Horohoro ni mwendo mfupi, lakini Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Gari la mwaka 2003 liliuaga mpaka huo zamani. Afrika Kusini nako magari yaliyotumika kutoka nje kwa watu wa kawaida hayaruhusiwi. Marekani huruhusu gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyake likitimiza miaka 25, kwa hiyo la mzee lingepita kuanzia mwaka 2028. Basi jiulize, Mmarekani anazo 911 za kizazi hicho tele mtaani kwake, zenye usukani upande anaoutaka yeye. Atalipia meli kulichukua lenye usukani wa kulia lililokaa kando ya bahari Tanga kwa sababu gani?

Anabaki Mwingereza, ambaye usukani wa kulia ni wake. Huko kweli kuna wanunuzi. Lakini likirudi Uingereza litatozwa ushuru wa asilimia 10 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Nafuu wanayotoa kwa magari ya kihistoria, asilimia 5 tu, inataka gari liwe na miaka 30 na libaki lilivyotoka kiwandani. Hiyo ni mwaka 2033. Weka na nauli ya meli, weka bima ya safari, weka kamisheni ya mnada, kisha mwambie Baba Nasra apige hesabu hiyo dukani kwa kikokotoo kile kile anachopigia bei ya saruji.

Kitu kimoja tu cha thamani anacho mzee ambacho mtu wa hapa nyumbani atakilipia: ushuru umeshalipwa. Anayeagiza leo gari kama hilo atakutana na ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa kuwa injini inazidi cc 2,000, nyongeza ya uchakavu ya asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka kumi, na juu ya yote hayo VAT ya asilimia 18. Naamini hapo ndipo milioni 90 zilipozaliwa: mzee amejumlisha alichotoa TRA. Haki yake kuomba. Ila thamani hiyo ipo kwa mnunuzi wa Tanzania peke yake, na wanunuzi wa Tanzania wa gari la viti viwili na kiti cha nyuma cha kuweka mkoba, linalokwaruza tumbo kwenye kila tuta, utawatafuta Masaki na Oysterbay, na hata huko mmoja mmoja.

Hapa Tanga gia za mkono zinashika bei, tena sana, ila kwenye Land Cruiser mkonga na Hiace ya dizeli. Dereva wa Lushoto hataki otomatiki kwenye miteremko ile, na fundi yeyote wa Ngamiani anaweza kuishusha giaboksi asubuhi na jioni gari likaondoka. Soko hilo mumeo analijua kuliko mimi. Mkonga alioutumia miaka mitano atauuza ndani ya wiki, kwa sababu spea ipo, fundi yupo na mwenye kulihitaji yupo. Kwa Porsche ya turubai vyote vitatu itabidi avitafute nje ya mkoa.

Nikirudi kwenye barua yako, kuna neno ulilipitia haraka ambalo mimi limenisimamisha. Mzee anasema klachi imekuwa nzito. Inawezekana ni goti. Inawezekana pia ni klachi yenyewe, maana kwenye gari hilo klachi pleti ikielekea kuisha pedali huwa ngumu. Na kwenye injini ile klachi haiji peke yake. Nyuma ya giaboksi kuna beringi ya shafti ya kati, udhaifu maarufu wa kizazi hicho. Ikisagika, vipande vyake vinaingia kwenye injini na injini nzima inakuwa chuma chakavu. Kuifikia lazima giaboksi ishuke, ndiyo maana wenye magari hayo wengi huibadilisha siku ile ile wanayobadilisha klachi. Mzee alikuwa fundi wa injini, hawezi kuwa hajui. Mumeo amuulize kwa adabu: beringi ilishabadilishwa? Lini, wapi, risiti iko wapi? Jibu la swali hilo moja linaweza kupunguza bei ya gari kuliko mabishano ya mwezi mzima.

Kisha kuna Raskazone yenyewe. Upepo wa bahari ni mzuri kwa kupunga, kwa bodi ni adui. Gari la paa la kukunja lina mifereji midogo ya kutolea maji pembeni mwa turubai. Ikizibwa na majani, maji yanashuka chini ya zulia na kuanza kula nyaya zilizopo chini ya viti. Nunueni au msinunue, mtu ainue zulia anuse. Harufu ya ukungu haifichiki. Mipira ya milango na ya turubai ikikaa miaka bila kutumika hukakamaa, matairi hupasuka ubavuni hata kama kashata zake bado nzima, na pampu za kuinua paa huanza kuvuja. Gari la kutoka Idi kwa Idi si lazima liwe limetunzwa. Mara nyingi limesahauliwa tu, likafutwa vumbi.

Basi utamwambiaje? Kwanza, lile swali la mvua usilirudie. Halikuwa swali baya, lakini yeye alisikia kicheko cha shoga zako ndani yake. Nadhani pia hukuona alichokuwa akikwambia. Mtu aliyejifunza kwenye Bedford ya baba yake, akaendesha gari lile mpaka Mwahako na kurudi akiwa amebadilika, hakurudi na wazo la mtaji. Alirudi na furaha. Wanaume wa umri wetu tuna aibu ya kusema "nakitaka kwa sababu nakipenda", hasa tukiwa na mtoto chuo, kwa hiyo tunatafuta mahesabu ya kukivika. Hadithi ya Ferrari ni kanzu aliyoivalisha furaha yake.

Mvue kanzu hiyo taratibu. Mketi wawili, simu iwe mbali, umwambie: Baba Nasra, nimeamini kwamba magari ya gia za mkono yanapungua na mengine yanapanda bei. Nionyeshe mtu mmoja aliyenunua gari kama hili hili, mwaka huu huu, na bei aliyolipa. Asikuonyeshe bei iliyoandikwa kwenye tangazo, maana tangazo linaweza kuandikwa milioni mia tano na gari likaozea hapo. Akuonyeshe bei ambayo nyundo ya mnada ilipigwa. Matokeo ya minada ya Uingereza yapo wazi mtandaoni, ayatafute ya 996 ya turubai, gia za mkono, yenye kilomita zinazokaribiana na za mzee. Aondoe ushuru, aondoe nauli. Usimsaidie kujumlisha. Ni mfanyabiashara, namba atazisoma mwenyewe, na akizisoma mwenyewe hakuna aliyemdharau.

Akisema bado analitaka, mpe heshima ya kulizungumza kama starehe, na starehe ina mfuko wake. Mfuko huo ni faida ya duka baada ya ada ya chuo. Usiwe kiwanja ambacho nusu yake ni mchezo wako. Na hapo simama imara bila kupandisha sauti: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua haki ya mwenzi aliyechangia, na mnunuzi yeyote mwenye akili wa Pongwe atataka sahihi yako kabla hajatoa shilingi. Huna haja ya kulitaja hilo kwa vitisho. Inatosha ajue kwamba hutasaini.

Kuna njia ya kati ambayo mimi ningeijaribu kabla ya yote. Mzee hawezi kukanyaga klachi, na gari lile likiendelea kukaa litakufa. Baba Nasra ana mguu mzima na mapenzi. Amwendee mzee na pendekezo: mafuta yangu, kila Jumapili nalitoa nalizungusha mpaka Pongwe na kurudi, naliosha chumvi, nakutafutia mnunuzi Dar es Salaam, na likiuzwa unanipa udalali. Mzee atapata gari lililo hai na bei nzuri zaidi, mumeo atapata gia zake na upepo wake bila kununua hata boliti. Wakiafikiana waandikiane, na bima iwe inamruhusu yeye kuendesha. Bima ndogo ya watu wa nje haitoshi kwa gari la namna hiyo, akiligonga atalilipa maisha yake yote.

Na ikiwa baada ya miezi ya Jumapili hizo bado moyo haujatulia, kuna Mazda Roadster, ile wanayoiita MX-5. Ya wazi, gia za mkono, usukani wa kulia kutoka Japani, injini ndogo ambayo fundi wetu haiogopi. Zimeshatengenezwa zaidi ya milioni moja, kwa hiyo hakuna atakayemdanganya kwamba ni adimu. Ushuru wake wa uchakavu nao utauma, aupitie kwanza kwenye kikokotoo cha TRA kabla hajaagiza.

Mteja wa kiwanja mpigieni kabla ya mwisho wa mwezi mmwambie hakiuzwi. Kama mumeo alishapokea advansi yoyote kwake, irudishwe yote, na karatasi ya kurudisha isainiwe mbele ya mjumbe.

Mjomba